Walisema Simo Ndani

Watu wengi wa Kasongo wanaonijua wanaamini kwamba nilikufa kidogo, kisha nikarudi. Wananisalimu sokoni kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka mahali wanapotamani kupajua. "Madame, kule uliona nini?" Ninawajibu kwamba sikwenda kokote. Nilikuwa palepale hospitalini, kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha, nikisikia kila neno. Jibu hilo hawalipendi, kwa sababu wengine wao walisema maneno mbele yangu.

Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana. Mume wangu ni fundi wa mbao; anatengeneza milango, madirisha, na majeneza pia. Wakati wa mvua nilikwenda Lusangi kumzika shangazi yangu, na wakati wa kurudi nilipanda pikipiki, kwa kuwa malori yalikuwa yamekwama kwenye tope. Kwenye daraja moja la magogo gurudumu la mbele likaingia kati ya gogo na gogo. Mwenye pikipiki alivunjika mkono. Mimi niliangukia kichwa. Nakumbuka harufu ya petroli na ladha ya udongo mdomoni, na baada ya hapo sikumbuki kitu.

Sikuamka kama mtu anavyoamka. Kwanza zilikuja sauti: gurudumu la kitoroli linalolia kwa kukosa mafuta, mtoto anayekohoa, mwanamke anayegombana na mtu juu ya ndoo. Halafu harufu ya sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese, halafu adhana kutoka msikitini, na baadaye kengele ya kanisa. Kwa mfuatano huo nikajua niko Kasongo, na nikajua ni hospitali ipi. Nikataka kufungua macho. Macho hayakufunguka. Nikataka kusogeza kidole gumba cha mkono wa kuume. Nilikiamuru kwa nguvu zangu zote, kama mama anayemwita mtoto aliye mbali shambani, na kidole kikakaa tu.

Ninyi mliosoma biolojia darasani kwangu mnakumbuka nilivyowachorea ubongo ubaoni: huku kuna kuona, huku kuna kusikia, hapa ndipo amri inatoka, na hapa mishipa inaipeleka kwenye viungo. Ni kweli, na bado ninafundisha hivyo. Lakini pale kitandani nilitoa amri na hakuna aliyezipokea, na mimi niliyekuwa natoa amri nilikuwepo mzima, na jina langu, na deni la nguo za Krismasi nilizowaahidi watoto, na hamu ya chumvi. Sikuwa kwenye kidole, sikuwa kwenye macho. Nilikuwa mahali fulani nyuma ya hayo yote, kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na kufuli liko nje.

Sikuogopa sana mwanzoni, na sababu ni mume wangu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye randa na misumari yake, alipita hospitalini. Niliisikia hatua yake, maana anavuta mguu mmoja kidogo. Alinishika mkono akasema, "Mama batoto, ni miye." Kisha alinipa habari. Paa la jikoni linavuja. Kuku yule mwekundu ametaga chini ya meza yake ya kazi, na sasa meza haisogezwi. Binti yetu mkubwa amejifunza kupika bugali, lakini bado iko na mabonge. Hakuwa na maneno matamu. Alisema mambo ya nyumbani, na mimi niliyashika mambo hayo siku nzima, nikiyageuza geuza kichwani, nikipanga chungu gani kiwekwe chini ya tundu la paa na nikimfundisha binti yangu jinsi ya kugeuza mwiko. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Iliniweka hai.

Munganga mkubwa wa hospitali alikuwa amekwenda Kindu kwa shughuli za kazi. Aliyebaki alikuwa munganga kijana, mtu wa maneno machache. Kila alipoulizwa juu yangu alijibu, "Tungojee. Siwezi kusema bado." Jibu hilo lilimchosha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu.

Shemeji huyo aliishi miaka mingi Lubumbashi, na alirudi na viatu vizuri na telefone kubwa. Katika ukoo wa mume wangu neno lake ndilo la mwisho. Wakati ule alikuwa amepata ndani ya telefone yake ile akili ya kutengenezwa, ile unayoiuliza jambo lolote na inakujibu kwa maandishi au kwa sauti. Aliiuliza juu ya mbolea, juu ya shamba la urithi, juu ya ndoto. Siku moja alikuja nayo hospitalini, akasimama penye dirisha ambapo rezo, mtandao wa simu, inashika, mume wangu akiwa amekaa karibu na kichwa changu.

Nilimsikia akiiuliza. Sitasahau namna alivyouliza. "Muke wa ndugu yangu alianguka, akagonga kichwa. Tangu siku ile amelala, hasemi, hafungui macho, hana kitu tena. Si kweli kwamba hasikie na hajue kitu?"

Ile sauti ikajibu kwa Kiswahili safi cha redio, Kiswahili ambacho hakuna anayekisema kwetu. "Ninaelewa kwamba huu ni wakati mgumu kwako na kwa familia yako. Kwa maelezo uliyotoa, ni kweli kwamba mgonjwa aliye katika hali hii kwa kawaida hana fahamu. Hasikii wala hatambui kinachoendelea. Maneno mnayomwambia yanaweza kuwafariji ninyi zaidi kuliko yeye."

Mume wangu akauliza, polepole, "Kwa hiyo hanisikie?"

"Umesikia mwenyewe," shemeji akasema. "Hamo ndani, ndugu yangu. Imebaki mwili tu. Moyo unapiga kwa mazoea."

Hamo ndani! Nililia bila machozi. Niliita jina la mume wangu, nikaita tena. Nilikusanya kila nilichokuwa nacho nikakipeleka kwenye kile kidole gumba, ambacho mume wangu alikuwa amekishika kabisa, kiko ndani ya kiganja chake. Kidole hakikusogea. Akaniachia mkono. Aliuweka juu ya shuka taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Kesho yake alikuja. Nilisikia ule mguu wake. Alisimama, akavuta pumzi, akakaa. Hakusema neno. Baadaye akaondoka. Siku iliyofuata vivyo hivyo.

Kuna watu wanaoniambia kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba mtu aliyepona anapaswa kumshukuru Mungu na kuachana nalo. Mimi nasema kwamba niliibiwa. Nilikuwa na kamba moja tu inayonifunga kwenye dunia, na kitu kisicho na sikio wala kitanda, kitu ambacho hakijawahi kuumwa kichwa hata siku moja, kikasema kamba hiyo haina kazi, na watu wazima wenye akili zao wakaikata.

Baada ya hapo mambo yakawa rahisi kwao. Wauguzi walikuwa wakiniosha nyuma ya pazia. Sasa mmoja wao alisahau pazia, na wanaume waliokuja kuona wagonjwa wao walipita wakiniona. Walimu wenzangu wawili walikuja wakazungumza juu ya kalasi zangu, nani azichukue, na mmoja akauliza kama kiti changu katika chumba cha walimu kina mtu. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alikuja na mwenzake, na pale juu ya miguu yangu wakaanza kuhesabiana vikwembe vyangu, vile vitenge vyangu vizuri. "Kile cha buluu chenye ndege nakichukua miye," akasema. "Yeye alikivaa mara moja tu." Kweli nilikivaa mara moja. Nilikuwa nakitunza kwa ubatizo wa mtoto wa mwisho.

Shemeji naye akaanza kusema kwamba ni vema nirudishwe Kabambare kwa wazazi wangu, lori la kwanza likipata njia. "Akimalizikia kule, watamuzika watu wake." Njia ya kwenda Kabambare wakati wa mvua! Mtu mzima mwenye afya anafika akiwa amevunjika mgongo. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Nilingoja aseme hapana, na mpaka leo bado nakisikia kile kimya chake.

Nilianza kupotea. Siwezi kueleza vizuri. Habari za nyumbani zilikuwa zimekwisha, nilikuwa nimezitumia zote, na bila habari mpya fikra zangu zilianza kurudia njia ileile, halafu zikawa nyembamba. Sikujua tena ni asubuhi ya lini. Kama si mwanamke wa kitanda cha pili, nadhani ile telefone ingekuwa imesema kweli, kwa kuwa wao wenyewe wangeifanya iwe kweli.

Alikuwa mama mmoja wa Kiislamu kutoka Salamabila, anayewauzia wachimbaji wa dhahabu mawese na samaki wakavu. Alianguka kutoka juu ya mizigo ya lori, akavunjika mguu, na sasa alikuwa amelala na mguu mzima ndani ya plata, plasta ngumu ya kufungia mfupa. Huyo mama hakuweza kunyamaza. Sitaki kumpamba: hakunisemesha kwa sababu aliamini nasikia. Alinisemesha kwa sababu nilikuwa karibu. Alinieleza juu ya mume wake wa kwanza, juu ya wa pili, juu ya wachimbaji wanaokula leo na kukimbia kesho, juu ya mke mwenzake ambaye alimpikia uchawi au hakumpikia, hakuwa na hakika. Alinigombeza pia. "Mwalimu, weye unalala tu, na miye usingizi hauniji. Haya, nakwambia lingine." Wakati mwingine nilichoka naye mpaka nikatamani apelekwe chumba kingine. Lakini kichwa changu kilipata tena cha kutafuna. Nilikuwa nikibishana naye kimoyomoyo. Nilikuwa upande wa yule mke mwenzake.

Siku moja shemeji alikuja na wazee wawili wa ukoo kuwaonyesha kwamba jambo la kunirudisha Kabambare limechunguzwa vizuri. Mume wangu alikuwepo. Shemeji akaisomea tena ile telefone yale maneno, na ile sauti ikawajibu wazee kwamba inaelewa huzuni yao.

"Inaelewa?" yule mama akauliza kutoka kitandani kwake. "Ilifiwa na nani?"

Wazee wakacheka kidogo. Shemeji hakucheka. "Mama, hii inajua vitu vyote. Munganga mwenyewe hawezi kushindana nayo."

"Basi iulizie na miye. Iambie nilianguka kwenye lori, mguu ukavunjika. Ni mguu gani?"

Shemeji alisitasita, lakini wazee walikuwa wanaangalia. Akauliza. Sauti ikasema, kwa upole uleule: "Pole sana kwa kuumia. Kutokana na jinsi ulivyoanguka, inaelekea ni mguu wa kushoto. Ninakushauri uupumzishe na uuinue kwa mto."

Nilisikia shuka likifunuliwa. "Angalieni wenyewe! Wa kuume! Plata yote hii, nyeupe kama ukuta wa misheni! Hata mbuzi ile inayopita dirishani inaona ni wa kuume. Ndiyo kitu hiki kinawaambia akili ya mwalimu imekwenda wapi? Hata mguu wangu hakikuupata, na mguu uko nje!"

Nikacheka.

Sijui kicheko kilitoka wapi. Sikukiamuru. Amri zangu zote zilikuwa zimeshindwa, na kicheko kikapita chenyewe mlango ambao mimi sikuujua: pumzi ikanitoka puani kwa nguvu, na upande mmoja wa mdomo wangu ukavutika.

"Amecheka!" yule mama akapiga kelele. "Wallahi mwalimu amecheka!"

Mume wangu akainuka, nikasikia kiti kikianguka. Na shemeji, mbele ya kitanda changu, mbele ya mdomo wangu uliokuwa bado umepinda, akafanya nini? Akaiuliza telefone. "Mdomo wake umecheza. Si ni mishipa tu?"

"Ndiyo," ikajibu, "miondoko ya aina hiyo mara nyingi ni ya mishipa tu, na haimaanishi kwamba mgonjwa ana fahamu."

Yule mama alichukua gongo lake la kutembelea akaanza kugonga chuma cha kitanda, ngwa, ngwa, ngwa, akiita wauguzi, akiita munganga, akimwita Mungu, mpaka chumba kizima kikaamka na wagonjwa wakaanza kuuliza kama vita imerudi.

Munganga mkubwa alikuwa amerudi kutoka Kindu. Alikuja na koti lake likiwa na vumbi bado. Hakumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Alikaa kitandani, akafungua kope zangu kwa vidole vyake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaona: bati la juu, waya wa taa, uso mpana wenye miwani.

"Mwalimu," akasema, "kama unanisikia, angalia juu."

Nikaangalia juu. Niliangalia juu mpaka macho yakauma.

"Sasa chini." Nikaangalia chini.

Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu: "Vizuri. Juu ni ndiyo. Chini ni hapana. Unasikia maumivu?" Ndiyo. "Unajua uko wapi?" Ndiyo. "Mume wako iko hapa. Unataka akae karibu yako?"

Niliangalia chini.

Akadhani sijaelewa. Akarudia polepole. Niliangalia chini tena, kwa nguvu zote, na hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia mume wangu baada ya kuanguka kwangu. Hapana. Nilisikia mume wangu akitoka nje, na ule mguu anaouvuta.

Kupona kulichukua muda mrefu. Vidole vilirudi, kisha mkono, kisha shingo. Sauti ilikuja mwisho, ikiwa nzito na imepinda kama ya mlevi. Wifi yangu alikuja kunipongeza, amevaa kile kikwembe cha buluu chenye ndege. Naamini alisahau tu, maana si mtu mbaya. Alinishika mashavu, akalia kwa furaha. Nikamwambia maneno yangu ya kwanza kamili: "Vua kikwembe changu." Akakivua palepale, akarudi nyumbani na shuka la hospitali.

Munganga mkubwa nilimuuliza kwa nini hawakujua. Hakujitetea. "Hapa hatuna mashine ya kuangalia ndani ya ubongo," akasema. "Na wale wenye mashine hizo wanaona sehemu fulani inafanya kazi, lakini ukiwauliza jinsi kazi hiyo inavyokuwa wewe, mwenye kuchoka, mwenye kukasirika, wao pia hawajui. Mwenzangu aliwaambia wangoje kwa sababu hakujua." Jibu hilo lilinituliza. Yule kijana hakujua, na alijua kwamba hajui. Ile telefone haikujua, wala haikujua kwamba haijui, na ikasema kwa sauti tamu.

Mume wangu tulizungumza nje, chini ya kibaraza cha hospitali, nilipoweza kukaa kwenye kiti.

"Baba batoto, kwa nini uliacha kunisemesha?"

"Waliniambia hausikie."

"Na weye? Weye mwenyewe uliona nini?"

Aliangalia mikono yake. "Siku ile nilikwambia juu ya paa, niliona kama pumzi yako imebadilika. Nilisema moyoni, anasikia. Halafu kaka aliiuliza ile telefone. Kesho yake nilipokuja, nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kusema peke yangu mbele ya watu."

Haya! Niliweza kumsamehe kwa kudanganyika. Kila mtu anadanganyika. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake pumzi yangu ikibadilika, alikuwa na mkono wangu ndani ya mkono wake, miaka yote tuliyolala kitanda kimoja alikuwa nayo, na akaiacha elimu hiyo yote kwa kuona haya mbele ya sauti ya telefone. Nilimwambia nakwenda Kabambare kwa mama yangu, na kwamba nakwenda na miguu yangu, sipelekwi.

Nilikwenda njia ilipokauka. Mama yangu alinikanda kwa mawese ya moto na kunisemesha Kibangubangu kutwa nzima. Mume wangu alikuja kila alipopata lori. Alikaa kwenye kigoda, akanipa habari za nyumbani, paa, kuku, watoto. Sikumjibu. Nilimwacha aseme mpaka amalize, nami nimekaa kimya, macho wazi. Nilitaka aonje. Mama alinigombeza kwa ajili hiyo, na bado sikumjibu mume wangu. Safari moja alinieleza jinsi alivyoziba tundu la paa kwa lami na kipande cha kandambili, na kwamba sasa linavuja mahali pengine. Nikasema, "Ulipaswa kung'oa bati lote." Akafunika uso kwa mikono. Tangu siku hiyo tulianza kuzungumza tena, kidogo kidogo, kama watu waliokutana njiani.

Shemeji alikuja mwishoni, kabla sijarudi Kasongo, na wale wazee wawili na kuku wa kuomba msamaha. Wazee walisema maneno yanayosemwa. Kisha yeye akasema, "Shemeji, tusameheane. Ile mashine ilikosea."

Nikamwomba atoe telefone yake. Kwetu rezo inashika kilimani karibu na kanisa tu, basi tukapanda wote, mimi na fimbo yangu, wazee nyuma yetu. Nikamwambia aiulize tena habari zangu, lakini aulize kama mtu anayenitaka nipone: "Mke wa ndugu yangu alianguka, amelala, hasemi, lakini naona bado yumo. Si kweli kwamba anaweza kutusikia?"

Ikajibu: "Ni jambo zuri kwamba hamjakata tamaa. Ndiyo, inawezekana kabisa kwamba anawasikia. Endeleeni kumsemesha."

Shemeji aliangalia kioo cha telefone muda mrefu.

"Sauti ni ileile," nikamwambia. "Upole uleule. Ulikwenda kwake na jeneza begani, ikakusaidia kubeba. Ungekwenda na matumaini, ingebeba matumaini. Haikukosea, shemeji. Haikuwa inanijua hata iweze kukosea juu yangu. Weye ulikuwa unanijua. Ulikula kwangu."

Shemeji akaandika, akaniambia ameieleza yaliyotokea, akanikabidhi telefone. Ile sauti ikasema: "Ninasikitika sana kwa yote uliyopitia. Lazima ilikuwa hali ya kutisha."

Nilikasirika kuliko siku zote. Nani anasikitika? Nilitafuta huyo anayesikitika, kwenye kile kioo, kwenye upepo wa kilima. Mimi nililala siku zile zote nimo ndani na wakasema simo. Na hiki hapa, hakina mtu ndani, kinasema ninasikitika, na wazee wawili wanatikisa vichwa wakisema, "Ona, inaomba msamaha." Niliirudisha mkononi mwa shemeji kabla sijaitupa bondeni.

Tuliteremka. Mama alikuwa amempika kuku na mawese mengi. Tulikula wote, shemeji akanichagulia paja, nami nikalipokea, kwa sababu ni baba wa ukoo wa watoto wangu na nitaishi naye mpaka mmoja wetu azikwe. Kuku alikuwa mtamu. Hasira haikuisha, wala sikusema kwamba imeisha, na yeye aliponiuliza kama sasa tuko sawa, nilimwambia anipitishie chumvi.